Fielder, Probox, Wingroad au Legacy: kuchagua wagoni ya petroli kwa safari za mbali

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Gari lenye watu watano na mizigo ya sikukuu linaanza na joto la Pwani, linapunguza mwendo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, linapanda Mlima Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, kisha linaingia kwenye ubaridi wa Iringa na Makambako. Gari ambalo limekwenda kazini na kurudi miaka mitatu bila shida linaweza kusimama hapo Kitonga likifuka mvuke. Halikuuawa na kasi. Limeuawa na joto na uzito, mambo mawili ambayo safari fupi za mjini huyaficha.

Kwa hiyo anayetafuta gari la bei nafuu la safari ndefu asianze na rangi, rimu wala skrini ya redio. Aulize kwanza injini ni ipi hasa, giaboksi ni ya aina gani, na mfumo wa kupoza uko katika hali gani. Mwaka wa gari na jina lake vitafuata.

Wagoni, yaani gari dogo la mgongo mrefu, ni chaguo zuri kwa kazi hii kwa sababu mbili za wazi. Mzigo unakaa ndani na chini badala ya kufungwa kwenye keria juu ya paa, ambako ungeongeza ukinzani wa upepo, ungekula petroli na kulifanya gari liyumbe kila basi linapopita. Pili, chini ya ngozi hiyo ndefu kuna injini ileile iliyomo kwenye magari ya kawaida: ya Toyota Fielder ya lita 1.5 ndiyo iliyomo kwenye IST ya 1.5 na Premio ya 1.5. Ikiharibika Singida au Voi, kipuri kipo na fundi anaijua.

Soma namba ya chesisi kabla ya kumsikiliza dalali

"Fielder" peke yake haikuambii kitu. Fielder mbili zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu, rangi moja, zinaweza kuwa na injini tofauti kabisa. Kinachosema kweli ni namba ya chesisi. Kwa Toyota, herufi za mwanzo zinataja ukoo wa injini.

NZE121, NZE141 na NZE161 zote zina injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, yenye cheni ya taimingi na nguvu za farasi takriban 109. Kizazi cha kwanza kilitoka 2000 hadi 2006, cha pili kikaanza 2006, cha tatu 2012. ZRE142 na ZRE162 ni za 1.8, ukoo wa 2ZR, nazo zina karibu farasi 136 hadi 140. Ukiona ZZE122, hiyo ni 1.8 ya zamani ya 1ZZ-FE. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba, ringi zikaganda. Gari linaweza kuendesha vizuri kabisa huku linakunywa lita nzima ndani ya kilomita elfu moja, na kwenye safari ya Mwanza hilo ni tatizo kubwa.

Namba ikiishia na 4, kama NZE124, NZE144 au NZE164, gari linavuta magurudumu yote manne. Wengi hulipia zaidi wakidhani wamepata ziada. Kwa lami, umenunua uzito, ekseli ya kuzungusha nyuma na petroli zaidi. Tena magari ya aina hii yalipendwa sana sehemu za theluji huko Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Inama uangalie chini: mabomba ya breki, maungio ya ekzosi, kingo za sakafu. Kutu ya juujuu kwenye chuma kinene haina neno. Kutu inayomeguka ukiigusa kwa bisibisi ni sababu ya kuliacha gari.

NKE165 ni haibridi, yaani inatumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mjini ni gari zuri mno kwa matumizi ya petroli, lakini katika mwendo mrefu wa kasi moja faida yake hupungua, maana betri hupata nafasi chache za kujichaji kwa breki. Betri yenyewe hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Mabegi na mablanketi yakiliziba, au vumbi likiganda kwenye feni, betri huchemka na kuzeeka kabla ya wakati.

Probox, nazo za Toyota, zina lugha yake. NCP50 ni 1.3, NCP51 ni 1.5, NCP55 ni 1.5 ya magurudumu manne. Baada ya mabadiliko ya 2014 zikaja NSP160 ya 1.3 na NCP160 ya 1.5, zote zikiwa na giaboksi ya CVT, isiyo na gia, badala ya gia nne za mwanzo. Ni gari la kazi: viti vyembamba, kelele nyingi ndani, na kwa kipimo cha Japani lile la 1.5 limeruhusiwa mzigo wa kilo 400 likiwa na watu wawili. Kwa mfanyabiashara anayekwenda peke yake na bidhaa, hakuna linalolishinda kwa bei hiyo. Kwa familia ya watu watano kwa saa kumi na mbili, migongo italalamika. Hiyo ya 1.3 iachwe kwa shughuli za mjini.

Nissan Wingroad ya Y12, iliyoanza 2005, huwa na 1.5 ya HR15DE au 1.8 ya MR18DE, na yenye 1.8 hutambulika kwa JY12. Ni pana, inakaa vizuri barabarani, na kwa kawaida huuzwa chini ya Fielder ya umri uleule. Hiyo tofauti ya bei ina sababu, na sababu hiyo imo kwenye giaboksi. Tutafika huko.

Farasi 109 wanatosha?

Barabara zetu kuu nyingi ni njia moja kwenda na moja kurudi. Suala kubwa haliko kwenye kukimbia kilomita 100 kwa saa, kwani gari lolote hapa linaweza. Suala ni kutoka 60 hadi 100 ukilipita lori lenye tela, gari likiwa limejaa. Fielder ya 1.5 tupu ina uzito wa kilo 1,150 hivi. Weka watu watano na mizigo, unakaribia 1,600. Farasi hawajaongezeka.

Halafu kuna mwinuko. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwenye mita 2,000 umepoteza takriban moja ya tano, kwa hiyo farasi 109 wamebaki 87 au hivi. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret inapanda zaidi ya mita 2,500. Anayeishi Dar, Tanga au Mombasa na kusafiri akiwa na watu wawili au watatu atosheke na 1.5. Anayejaza gari na kupita nyanda za juu mara kwa mara, iwe Njombe, Mbeya, Nakuru au Kericho, atafute 1.8. Tofauti ya petroli safarini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu injini ya 1.8 haikanyagwi hadi mwisho kila kilima.

Subaru Legacy ya BP5, ya 2003 hadi 2009, ina injini ya lita 2.0 na ndiyo inayokaa barabarani kuliko zote zilizotajwa hapa. Inashika kona, haiyumbi, haina kelele. Lakini angalia hesabu. Tangi lake ni la lita 64, na kwa kilomita 10 kwa lita unakwenda 640. Fielder ya NZE161 ina tangi la lita 42 tu, na kwa kilomita 15 kwa lita unakwenda 630. Mwendo ni uleule kwa lita 22 zaidi. Isitoshe injini ya Legacy hiyo inatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na tensheni, pule zake na pampu ya maji. Muuzaji akikosa karatasi ya gereji inayoonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujabadilishwa kamwe na utoe gharama hiyo kwenye bei. Tairi zake nne lazima ziwe za saizi moja na zilizolika sawa, la sivyo klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Na kuwa makini: namba BP5 ni moja kwa yenye tabo na isiyo na tabo. Ile ya tabo ina tundu la hewa juu ya boneti, na ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kwa bajeti ndogo iache.

Liache pia neno D-4 linapotokea kwenye kava ya injini. Caldina za AZT241 na Avensis za 2.0 zilizoletwa kutoka Japani zina injini ya 1AZ-FSE, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za kawaida petroli huosha vali za kuingizia hewa. Hapa haizigusi, kwa hiyo masizi hujijenga juu yake hadi injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Pampu yake ya presha kubwa haivumilii petroli chafu. Zaidi ya hayo, injini za ukoo huu zinajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku ya alumini, na ndipo kulanti, maji ya kupozea injini, huanza kuvuja taratibu nyuma ya injini, mahali usipopaona. Bei yake ndogo inavutia, na wengi wameingia mtegoni kwa sababu hiyo.

Giaboksi

CVT haina gia. Ina pule mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma katikati. Kwenye mwendo wa 100 injini huzunguka polepole, mara nyingi mizunguko 1,800 hadi 2,200 kwa dakika, wakati giaboksi ya gia nne iko 2,500 au zaidi. Ndiyo maana CVT hupunguza petroli na kelele safarini. Ikitunzwa inadumu.

Tatizo ni oili. Mkanda ule haupaswi kuteleza juu ya pule, na kinachouzuia ni oili maalumu ya CVT. Toyota za NZE141 hutumia CVT Fluid TC, za NZE161 hutumia FE, Nissan hutumia NS-2 au NS-3 kulingana na toleo. Fundi akimimina oili ya giaboksi ya kawaida, ile nyekundu ya ATF, mkanda huanza kuteleza, huchora pule, na vumbi la chuma linaingia kwenye vali za giaboksi. Gari litaendelea kutembea wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kisha kwenye kilima cha kwanza cha safari ndefu linanguruma bila kusonga. CVT za Nissan za miaka hiyo zina uvumilivu mdogo zaidi kwa kosa hili na kwa joto, na hapo ndipo unafuu wa Wingroad unapotoka.

Namna ya kuipima: endesha nusu saa kwanza, kwa sababu CVT mbovu ikiwa baridi hujifanya nzima. Ikishapata moto, simama, kanyaga breki, hamisha kutoka R kwenda D. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja na nusu au ikagonga, kuna kasoro. Kisha panda kilima kwa mwendo wa 40 hadi 60 ukikanyaga mafuta kidogokidogo. Mtikisiko kama wa gari linalopita kwenye makorongo madogo ni mkanda unaoteleza. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi ni beringi za pule. Dalili yoyote kati ya hizo inatosha kuondoka, hata kama bei imeshuka ghafla.

Gia nne za Probox na NZE121 za zamani zina mambo machache. Kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kiwe kinafanya kazi, kwa sababu Kitonga na Sekenke zinapandwa O/D ikiwa imezimwa, vinginevyo giaboksi hupanda na kushuka gia bila kukoma na kujichemsha.

Mfumo wa kupoza, mahali wengi wanapodanganyika

Kuna tabia iliyoenea kwenye gereji zetu: gari likichemka, thamostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza, inatolewa na kutupwa. Joto linashuka, mteja anafurahi. Kilichotokea ni kwamba maji sasa yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta inaamini bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli. Gari linakula, oili inachafuka upesi, na sababu halisi ya kuchemka, iwe rejeta iliyoziba, feni dhaifu au gasketi, bado ipo. Itajitokeza siku gari litakapobebeshwa mzigo mlimani.

Fielder na Probox nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imechemka, na nyekundu huwaka baada ya madhara kuanza. Kwa hiyo nenda na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu. Kichomeke chini ya dashibodi, endesha barabara kuu. Joto likikaa chini ya nyuzi 75 muda wote, thamostati imetolewa au imekwama wazi. Likitulia kati ya 82 na 98, ni salama. Likiendelea kupanda hadi 105, usilinunue. Kifaa hichohicho kitakuonyesha kama kumbukumbu za makosa zimefutwa asubuhi hiyo, na kama kompyuta inarekebisha petroli kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini, jambo linaloashiria hewa inayoingia pasipo mahali pake, nozeli chafu au sensa iliyochoka.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Ndani kuwe na kulanti ya rangi safi, nyekundu au ya waridi kwa Toyota. Maji ya kahawia ni kutu. Utando kama maziwa, au harufu ya moshi wa ekzosi, ni gasketi ya silinda hedi. Ndiyo maana lazima ufike kabla muuzaji hajawasha gari: shika boneti kwa kiganja, ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho.

Vitu vingine vya kutazama

Moshi wa bluu hauonekani kila wakati. Acha injini ikiwa sailensa dakika tano ikiwa imepata moto, kisha mtu akanyage mafuta ghafla nawe ukiwa umesimama nyuma. Wingu la bluu likitoka hapo, inakula oili.

Kwenye mwendo wa 80 hadi 100 sikiliza magurudumu. Mvumo unaobadilika unapoelekeza usukani kidogo kushoto au kulia ni beringi. Mtetemo wa usukani usioguswa na breki ni balansi au rimu iliyopinda; unaotokea ukifunga breki tu ni diski. Kona kali kwa mwendo wa taratibu ikitoa kata-kata-kata ni sivijointi. Haya yote yanarekebishika, lakini yapunguzwe kwenye bei.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, hata kama bado zina kashata (meno), hesabu unanunua mpya. Joto la lami mchana ndilo linalozipasua zile kavu.

Taa ya SRS, ya mifuko ya hewa, iwake ukifungua swichi kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa balbu. Na ulizia mwito wa kurudisha mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, uliogusa Toyota nyingi za miaka ya 2000 zikiwemo za ukoo wa Corolla, pamoja na Subaru, Honda na Nissan. Kemikali inayoijaza mifuko ile huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Zanzibar na Mombasa. Namba ya chesisi huingizwa kwenye ukurasa wa Toyota wa Japani na jibu linakuja papo hapo.

Kilomita za dashibodi zisikupe imani. Omba karatasi ya mnada wa Japani: daraja la 4 au 3.5 ni gari zuri la kawaida, R maana yake liliwahi kugongwa na kurekebishwa. Kwenye mchoro, A ni mikwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. XX kwenye mlango si kitu. W kwenye nguzo au sakafu ya nyuma ni jambo la kuogopa, kwa kuwa wagoni hubeba uzito wake wote huko. Ukiagiza mwenyewe, kumbuka kwamba Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inalipokea lakini hutoza zaidi kadiri lilivyozeeka. Ndiyo sababu NZE141 iliyokwisha kusajiliwa hapa mara nyingi ni nafuu kuliko kuagiza ya umri uleule.

Baada ya kununua

Tenga asilimia 15 hadi 20 ya bajeti kabla ya safari ya kwanza. Kwa 1NZ-FE: oili ya 5W-30 takriban lita 3.7 pamoja na filta, plagi nne, filta ya hewa, kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini karibu lita 5, thamostati mpya hata ukiikuta ya zamani, kifuniko cha rejeta, mkanda wa nje, oili ya breki, na oili ya giaboksi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Kipimo cha oili ya CVT huangaliwa ikiwa na joto maalumu, kwa hiyo fundi anayekisia kwa macho mwache. Endesha kilomita 300 za karibu na nyumbani, angalia tena oili na kulanti, ndipo uende mbali.

Siku ya safari, vitu vizito viwe sakafuni vikigusa mgongo wa kiti cha nyuma, vyepesi viwe juu, na pasiwe na kitu kilichozidi urefu wa kiti bila wavu au kamba: ukifunga breki kwa 100, ndoo ya lita 20 iliyojaa inapita juu ya vichwa vya watoto. Buti ikilala chini sana, taa zako zinamulika macho ya wanaokuja, kwa hiyo shusha mwanga kwa kile kigurudumu kidogo kilicho karibu na usukani. Presha ya tairi isome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, upande wa gari lililojaa. Imeandikwa kwa kPa. 230 ni PSI 33. Ipime asubuhi kabla ya kutoka, tairi zikiwa baridi, na ile ya akiba usiisahau.